Jinsi ya Kumnyoosha Percy Grainger: Mwongozo kwa Bendimasta Anayependa Mambo Yaishe Mapema

Kwanza tafuta kalamu nyekundu, tena yenye wino wa kutosha. Umeletewa nota za Percy Grainger, na ulipofungua kurasa za mwanzo uligundua mwenyewe kwamba bwana huyu hakuwaandikia watu wanaofanya mazoezi Jumanne wakapige shereheni Jumamosi. Kila ukurasa una jambo la kusahihisha. Mwongozo huu utakusaidia kumsahihisha bila mtu kukushuku, na Mungu akijalia utapigiwa makofi juu yake.

Umjue kidogo unayemnyoosha. Grainger alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1882. Alisomea muziki Frankfurt, akaishi London kuanzia 1901, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 akahamia Marekani. Alikuwa mpiga piano mashuhuri, wa kujaza kumbi. Halafu mwaka 1917 akajiandikisha katika jeshi la Marekani kama askari wa kawaida, akapangiwa bendi ya kikosi cha mizinga ya pwani huko Fort Hamilton, Brooklyn, na humo akawa anapuliza saksafoni ya soprano. Hebu fikiria: mtu aliyezoea kukaa peke yake jukwaani amebanwa safuni, mtu kulia, mtu kushoto, anasikia kutoka ndani ya bendi sauti ambazo kiongozi aliyesimama mbele huzisikia kwa mbali, au hazisikii kabisa. Mpiga piano akishaonja hayo harudi tena alivyokuwa. Sehemu kubwa ya usumbufu wako inaanzia hapo.

Tuanze na sauti za ndani, maana ndiko alikojificha. Bendi iliyopangwa kwa adabu inaeleweka: juu wimbo, chini besi, katikati watu wa kujaza nafasi. Klarineti ya tatu na honi ya pili wanapewa nota mbili tatu za kurudiarudia, pa-pa, pa-pa, ili wasipate muda wa kuwaza. Utaratibu huo umeyatumikia majeshi mengi na haujawahi kumletea mtu lawama. Grainger hakuutaka. Alishikilia kwamba kila mpigaji apewe kitu kinachoimbika, hata yule wa safu ya nyuma ambaye ni mkewe tu anayejua kwamba yumo kwenye bendi.

Chukua Irish Tune from County Derry, aliyoipangia bendi ya kijeshi na kuichapisha mwaka 1918. Wimbo wenyewe unajulikana karibu dunia nzima. Wewe na mimi tungeukabidhi kwa tarumbeta ya kwanza, kazi ikaisha. Yeye anauanzia katikati ya bendi, kwenye sauti nzito nzito, kisha juu yake na chini yake anatandaza sauti nyingine zinazoteleza nusu hatua kwa nusu hatua, kila moja na safari yake. Ukimwambia mpigaji yeyote aimbe karatasi yake peke yake, ataimba kitu chenye mwanzo na mwisho. Hata harmonia inayokuliza machozi haikupangwa kama ngazi za kupandiwa. Imetokea tu kwa sababu watu wengi wanaoimba nyimbo zao wamekutana njiani. Aliitunuku kazi hii kwa kumbukumbu ya Edvard Grieg, mzee wa Norway aliyempenda sana, na anayeujua muziki wa Grieg atatambua kuteleza huko kumetoka wapi.

Dawa yake ni nyepesi. Waambie sauti za ndani wapunguze. Wakipunguza, waambie wapunguze tena. Endelea hivyo mpaka mpiga yufoniamu aanze kuangalia simu. Halafu ongeza tarumbeta mbili juu ya wimbo, sababu iwe “watu wa nyuma wasikie”. Utabaki na wimbo na besi, na hakuna msikilizaji atakayejua kwamba ameibiwa.

Utakutana pia na jambo litakalokufanya umshuku mchapishaji. Katika kipimo kimoja, kwa wakati mmoja, klarineti zimeandikiwa zipulize kwa sauti ndogo, saksafoni kwa nguvu ya wastani, na honi kwa nguvu zote. Juu ya hayo, karibu kila nota ina alama yake: hii igongwe, hii ivutwe, hii iachiwe mapema. Mchapishaji hana kosa. Grainger aliujua udhaifu wa kila ala, akapima nguvu ya kila mstari ili wimbo uonekane katikati ya msongamano bila ya kupigiwa kelele. Wewe chagua alama moja, iliyo kubwa kuliko zote, waamuru wote waifuate. Bendi itasikika imeungana. Mgeni rasmi atatikisa kichwa, na kutikisa kichwa kwa mgeni rasmi kuna tafsiri moja tu.

Sasa tuje kwa wenye ndimi mbili. Sisemi majirani zako. Nasema obo, na koranglee ambayo ni obo yenye sauti nzito zaidi, na basuni, ala ambazo sauti yake hutoka kwenye vipande viwili vya mwanzi vinavyotetema kwa pamoja mdomoni mwa mpigaji. Msomaji wa Lamu au Mombasa hahitaji maelezo marefu, kwani zumari ni ya ukoo huohuo, na aliyewahi kusimama karibu na mpiga zumari kwenye ngoma ya harusi anajua kwamba sauti ile haiombi ruhusa kwa mtu. Bendi za Ulaya na Marekani ziliionea haya kidogo sauti hiyo ya puani. Ziliweka obo moja, au mbili zikiwa na uwezo, kisha zikazifunika kwa klarineti dazeni.

Grainger aliipenda kupita kiasi. Ameeleza mwenyewe kwamba mwaka 1900 alisikia zumari kali ya mashambani huko Italia, akasikia zumari za Kimisri kwenye Maonyesho ya Paris, na bagipaipu milimani Scotland. Zote zilikuwa zikipiga wimbo mmoja mmoja. Yeye akatamani kuzisuka pamoja, msuko uwe mgumu kama wa Bach na usawa uwe kama wa Australia kwao. Matokeo yalikuwa Hill-Song Nr. 1, aliyoiandika mwaka 1901 na 1902: filimbi ndogo 2, obo 6, koranglee 6, basuni 6 na basuni kubwa 1. Ala 21, bila ngoma, bila tarumbeta hata ya kuombea maji. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, na inaonekana hapakuwa na mtu mzima karibu wa kumzuia.

Namna ya kushughulika na ndimi mbili ni kuziondoa. Sema obo iko kwa fundi. Sehemu yake mpe klarineti, ambayo ni ala ya heshima isiyobishana na mtu. Utapata shida kidogo kwenye Children's March ya mwaka 1919, kwa kuwa humo aliwatoa mbele watu wa chini, basuni, klarineti ya besi, saksafoni ya baritoni na jamaa zao, ambao kwa kawaida kazi yao ni kuhesabu mapumziko na kumlaani mtunzi kimoyomoyo. Humo pia aliingiza piano kwenye bendi, jambo ambalo mwaka ule lilikuwa geni kabisa, na kuna mahali baadhi ya wanabendi wanatakiwa waache kupuliza waimbe kwa vinywa vyao. Ruka mahali hapo. Mwanabendi akianza kuimba atagundua kwamba anacho kipaji, na kesho utamkosa.

Ukifika kwenye Lincolnshire Posy, funga mlango kwanza.

Hii ndiyo kazi iliyomweka Grainger juu ya watunzi wote wa bendi, na mimi sioni wa kumshusha. Ni ya mwaka 1937, ina sehemu sita, na inachukua kama dakika 16. Nyimbo tano kati ya hizo sita alizikusanya mwenyewe Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1905 na 1906. Ya sita ilikusanywa na Lucy Broadwood, aliyeisikia kwa yaya wake. Mwaka 1906 Grainger alikwenda vijijini na fonografu ya silinda za nta, chombo ambacho wakusanyaji wenzake wa nyimbo walikitilia shaka. Wao waliandika kwa sikio, na sikio lililosomeshwa lina tabia ya kunyoosha. Mzee akivuta pumzi mahali pasipotarajiwa, wanamwongezea pigo. Akibadilisha wimbo katika ubeti wa tatu, wanasema kasahau, umri huo. Fonografu haikujua adabu hizo. Iliyashika yote, na Grainger alipoyasikiliza tena na tena aliona kwamba yale yaliyoitwa makosa ya wazee yana mpango wake. Mwimbaji alikuwa anajua anachofanya. Aliyekuwa hajui ni mwenye kalamu.

Kwa hiyo akaamua kwamba kila sehemu ya Lincolnshire Posy iwe sura ya mtu aliyeimba wimbo ule, na kazi nzima akaitunuku kwa waimbaji hao. Ndugu bendimasta, kwa kipande hiki itakulazimu uweke kalamu nyekundu pembeni kidogo, kwani hapa ndipo lilipo fundisho lake lote la kupanga ala. Kwa Grainger, utamu wa tarumbeta si sababu ya kuiteua. Anateua ala kwa kutafuta koo. Huyu aliimba kwa ukali, apewe shaba. Huyu aliimba kwa upole uliojaa mapambo madogo madogo, apewe ala inayoweza kupinda sauti bila ya kuivunja. Sauti ikitetereka mwilini mwa mzee, na kwenye nota itetereke, mahali palepale.

Tazama sehemu ya tatu, Rufford Park Poachers, inayotokana na uimbaji wa Joseph Taylor, mzee aliyepita miaka sabini siku zile na aliyekuwa msimamizi wa shamba. Inaanza na pikolo juu kabisa, na klarineti ikipiga wimbo uleule mbali chini yake. Katikati hapana kitu. Kisha jozi nyingine ya ala za mbao inaufuata wimbo huohuo, hatua kadhaa nyuma, nayo imeachana vilevile. Ala nne zinatembea usiku katika msitu wa watu, mbili mbele na mbili nyuma, na wimbo wenyewe unahusu wawindaji haramu wanaopambana na walinzi. Pengo lile la katikati ni giza. Mtunzi mwingine angelijaza kwa honi ili pawe na joto. Baadaye wimbo unashikwa na mpigaji mmoja, na Grainger ameandika njia mbili za kuchagua: flugehoni kwa njia ya kwanza, saksafoni ya soprano kwa njia ya pili. Muda wote huo hesabu ya mapigo inabadilika, manne, matano, kisha inabadilika tena, kwa sababu Mzee Taylor hakuwahi kuapa kwa mtu yeyote kwamba ataimba manne.

Rudisha kalamu mkononi. Andika mapigo manne kila mahali, na pale yanapozidi kata nota iliyo karibu na ukingo. Pengo la katikati lijaze kwa honi. Ukiona kwamba wawindaji wamekwisha kufahamiana na walinzi, basi umefaulu.

Sehemu ya kwanza, Lisbon, ambayo wengine huiita Dublin Bay, haina taabu nyingi. Inaanza kwa tarumbeta zilizozibwa midomo, basuni ikiwa karibu nazo, mambo mepesi ya baharini. Ila mbele kidogo honi zinaingia na wimbo mwingine kabisa, wa Duke wa Marlborough, wakati wa kwanza haujamaliza kusema. Waambie honi wasubiri zamu yao.

Sehemu ya tano, Lord Melbourne, ndiyo itakayokutoa jasho. Inaanza kwa shaba kali, nzito, na hapo hesabu ya mapigo haipo. Kiongozi anatakiwa atoe kila pigo kwa urefu anaoutaka yeye, na bendi nzima imfuate, kama magari kwenye makutano yenye taa mbovu yanavyomfuata askari: hakuna anayejua mkono utashuka lini, na ole wake anayetangulia. Lengo ni bendi ya watu arobaini au sitini isikike kama koo moja la mzee mmoja mwenye hasira. Tatizo ni kwamba, ukifanya hivyo, lazima wapigaji wakutazame. Je, wako wanakutazama? Basi piga manne.

Usione haya, kwani una watangulizi. Kazi hii ilipigwa mara ya kwanza Milwaukee, tarehe 7 Machi 1937, kwenye mkutano wa chama cha mabendimasta wa Marekani, Grainger mwenyewe akiongoza. Milwaukee ni mji wa viwanda vya bia, na bendi iliyokusanywa ilikuwa na wapigaji kutoka bendi za wafanyakazi wa viwanda hivyo, Blatz na Pabst. Sehemu zikawashinda. Siku hiyo zilipigwa tatu tu kati ya sita. Katika dibaji ya nota Grainger aliwaambia viongozi wa bendi wasiogope mapigo yale, kwani vijana wa shule hawatasumbuliwa nayo. Watakaokwama, akasema, ni wapigaji wazoefu wa kulipwa wanaojali bia yao kuliko muziki wao. Dibaji hiyo iondoe kwenye nota kabla ya kuzigawa.

Kwa miaka mingi bendimasta alikuwa na kinga nyingine pia. Lincolnshire Posy ilitoka na nota za kiongozi zilizobanwa katika mistari michache, na karatasi za wapigaji zilijaa makosa ya uchapaji. Sauti ikipotea, unasema haikuonekana. Kiongozi wa bendi Frederick Fennell aliiharibu kinga hiyo mwaka 1987 alipotoa nota kamili zilizosahihishwa, kila ala na mstari wake. Sasa yote yanaonekana. Kuna watu hawawaonei huruma wenzao.

Kuhusu ngoma nitapita upesi. Grainger hakuridhika na ngoma ya kurindima na sahani ya kugonga. Alitaka ala za kugonga zinazoimba: marimba, zilofoni, kengele, selesta. Mwaka 1916 aliziweka kwa wingi katika In a Nutshell, akitumia marimba na wenzake wa kiwanda cha Deagan cha Chicago, na katika sehemu ya mwisho ya Lincolnshire Posy zinalipuka kama watoto wa shule kengele ya mwisho inapolia. Bendi yako ikiwa na marimba, ifunike kitambaa uiwekee maua.

Na utaona maagizo yake hayakuandikwa kwa Kiitaliano kama ilivyo desturi. Aliandika kwa Kiingereza cha kujitungia: ongeza sauti sana, legeza mwendo, imba kwa kung'ang'ania. Ingekuwa jambo la kufurahisha, kama chini yake pasingekuwa na imani aliyoishika maisha yake yote kwamba watu wa kaskazini wenye macho ya buluu wamebarikiwa kuliko wengine, ndiyo maana alikuwa akiyafukuza maneno ya Kilatini katika lugha yake. Ilikuwa imani ya kijinga, na muziki wake mwenyewe unamkanusha: zumari za Misri, marimba, gamelani ya Indonesia aliyoinukuu kwa mkono wake, na mwaka 1932 mtu huyuhuyu akamwalika Duke Ellington, mwanamuziki mweusi wa jazi, na bendi yake darasani kwake New York University. Masikio yake yalimzidi akili. Sijui kama kuna dawa ya hilo, na si kazi ya mwongozo huu.

Limebaki jambo moja ambalo huwezi kulinyoosha kwa kalamu. Grainger alipendekeza upangaji wa kunyumbulika: kazi iandikwe kwa namna ambayo bendi yoyote, kubwa au ya watu wachache, yenye ala hizi au zile, iweze kuipiga, ilimradi kila sauti ipate mtu na uwiano uhifadhiwe. Huna obo? Mpe saksafoni ya soprano. Huna basuni? Tafuta kinanda cha kanisani. Aliwaandikia waziwazi viongozi wa bendi na okestra za shule na za watu wasiolipwa, akawaambia wasingojee ukamilifu wa ala ndipo waanze. Bendi ya parokia yenye klarineti tatu, saksafoni mbili na tromboni iliyotengenezwa kwa waya inayo nafasi katika muziki wake, mradi watu sita hao wapewe nyimbo sita.

Hili ni la hatari, kwa sababu linakuondolea udhuru wa “hatuna vyombo”. Lifiche. Wapigaji wakilisikia watakuja kukuuliza kwa nini wanapiga pa-pa.

Ukiyafuata haya yote, Lincolnshire Posy itakwisha kwa dakika 12 badala ya 16, mazoezi mawili yatatosha, na watu watawahi daladala. Ukishindwa, ukajikuta umemwacha mpiga basuni apulize kama ilivyoandikwa, basi usimamishe mkono umsikilize mpaka amalize, kisha uniandikie uniambie alikuwa anasema nini.